Kabla ya Kuondoka, Tandua Kitanda

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nimepewa na wifi niandike vitu vinavyovunjwa na wageni msimu huu: glasi ngapi, vijiko vingapi, pazia gani limeungua. Kurasa za mbele ni zake. Nimeligeuza naanza nyuma, na huku nyuma ni kwangu.

Msimu unafunguliwa Alhamisi. Nyumba ni tatu, zimejipanga kuelekea ziwani. Nyuma yake kuna ua wa kuanikia, na mwisho wa ua kuna chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Humo ndimo ninamokaa. Nyumba zote ni za wifi, dada wa marehemu mume wangu, na aliyezijenga ni huyo marehemu. Alikuwa mwashi, na kila mtu alimwita Fundi, hata mimi mkewe. Alifia katika chumba hiki mwaka juzi. Baada ya msiba wifi alisema mbele ya ndugu wote, "Wifi, hapa ni kwako. Wewe tusafishie nyumba, na chumba kile ni chako." Nikashukuru. Nashukuru mpaka leo, ila nilielewa tangu siku ile kwamba chumba na fagio vimefungwa kamba moja. Fagio likiondoka, chumba nacho kimekwenda.

Kwa kuwa hakuna anayeniuliza, niandike hapa mgeni anapaswa kuiacha nyumba vipi. Mambo ni matatu tu. Atoe chakula kilichobaki. Aseme alichovunja. Na kitanda akiache vilevile alivyoamka. Sakafu ni kazi yangu, choo ni kazi yangu, hata nywele kwenye bomba la kuogea nimezizoea. Lakini kitanda asiguse. Shuka likiwa bado kitandani ninaliona lote, doa, jasho, damu ya mbu. Likishakunjwa vizuri hakuna awezaye kujua limelaliwa au halijalaliwa.

Jumamosi, 7 Juni

Wageni wa kwanza wameondoka Nyumba ya Pili. Watu sita wa ofisi moja, wenye adabu zao, walinisalimia vizuri kila asubuhi. Wamekaa siku mbili tu.

Mafuta ya kukaangia wameyamimina kwenye sinki yakaganda. Masufuria yote yametumika, pamoja na lile bovu la chini ya sinki ninalowekea brashi ya choo, na sitaki hata kufikiria walipikia nini. Bafuni kuna mchanga wa kutosha kujengea. Chini ya kitanda nimekuta ganda zima la tikiti, limewekwa kwa uangalifu, utadhani mwenyewe alikusudia kulirudia. Taulo jeupe limefutiwa viatu. Mezani wameniachia kikaratasi: "Asante kwa ukarimu. Tumejitahidi kusafisha."

Imenichukua saa tano. Wageni wa jioni wameingia sakafu ikiwa bado mbichi. Wifi alikuja akaona yale mafuta, akashika kiuno.

"Hawa watu kwao hawaoshi?"

"Kwao wanaosha, wifi. Hapa wamelipa."

Jumapili, 8 Juni

Upepo wa ziwani. Mchanga mpaka kwenye meno.

Jumanne, 10 Juni

Wifi amekuja na wazo. Tuwaandikie wageni masharti ya kuondoka, tubandike ukutani, kila nyumba na karatasi yake. Mwandiko wangu unasomeka kuliko wake, kwa hiyo yeye alisema na mimi nikaandika. Tulikaa kwenye meza ya jikoni ya Nyumba ya Kwanza tukicheka kama enzi zile Fundi akiwa hai, wifi akiwaigiza wale watu wa ofisi na ganda lao la tikiti.

Kichwa cha habari: KABLA YA KUONDOKA. Namba moja, osha vyombo. Namba mbili, toa taka. Namba tatu, acha nyumba kama ulivyoikuta. Nikamwambia hiyo ya tatu imeshabeba mbili za kwanza. Akasema niiweke tu, inasikika vizuri. Namba nne, tandua kitanda, kunja mashuka, weka juu ya kiti.

Hapo nikaweka kalamu chini.

"Wifi, kitanda tuwaachie."

"Kwa nini? Si wanakupunguzia kazi?"

"Hawanipunguzii. Shuka likikunjwa linadanganya."

"Shuka linadanganya!" Alicheka mpaka akajifuta macho. "Wifi, una maneno wewe. Andika."

Nikaandika. Na nisijitoe, namba tano niliipendekeza mimi mwenyewe: pangusa jiko. Nilikuwa nimechoka na majiko yao. Nilidhani tunaandika dawa ya mgongo wangu.

Jumatatu, 16 Juni

Vikombe viwili, sahani moja. Nimeviandika kule mbele.

Jumapili, 22 Juni

Orodha inafanya kazi. Watu wanaogopa karatasi kuliko wanavyomwogopa mtu.

Asubuhi nimepita Nyumba ya Tatu nikamkuta baba mzima anapiga deki sebuleni kwa taulo la kuogea, jasho linamtoka, mkewe amesimama mbele ya ukuta anamsomea namba kama mwalimu wa imla.

"Namba tano, jiko."

"Nimeshapangusa."

"Pangusa tena, pana alama."

Watoto wamepangwa kwenye kochi, wamekatazwa kushusha miguu. Ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya likizo, ziwa liko pale dirishani. Nikawaonea huruma, nikawaambia waache, nitamalizia mimi. Yule mama akatikisa kichwa. "Hapana dada, tusije tukapunguziwa nyota."

Sikujua kwamba wageni nao wanapewa nyota. Nilikwenda kumuuliza mlinzi wetu wa getini, tunayemwita Filimbi kwa kuwa anayo shingoni na hajawahi kuipuliza. Akanifafanulia: mwenye nyumba anampa mgeni nyota, mgeni anampa mwenye nyumba, yote humohumo kwenye simu.

"Na mimi na wewe tunapewa na nani?"

"Sisi tumewekwa chini ili tuzitazame," akasema.

Wifi amefurahi, kila akilala anaamka na sharti jipya. Tumefika namba tisa. Nimeinakili orodha upya mara tatu, na namba nne bado ipo palepale.

Alhamisi, 3 Julai

Manyunyu. Mashuka hayakauki. Nyumba ya Kwanza ameingia bibi mmoja peke yake. Kabla sijatua begi lake chini ameshaniambia kwamba alikuwa mwalimu mkuu.

Jumatatu, 7 Julai

Mwalimu ameondoka saa nne kamili, na mimi tangu saa hiyo nina hasira ambayo sijui niielekeze wapi, maana kosa lake ni wema.

Nilifika na ndoo yangu nikamkuta mlangoni, kofia kichwani, mikono imekunjwa mbele. "Pita mwanangu," akasema, "ukague." Nikapita. Sakafu inateleza. Vioo vya madirisha vimefutwa, mpaka kile cha juu ambacho mimi nakifikia kwa stuli. Friji imezimwa, imekaushwa, mlango umeegeshwa kwa kijiko isitoe harufu. Vijiko vimepangwa kwa ukubwa. Mashuka yako juu ya kiti, yamekunjwa pembe kwa pembe, na kumbe ameyapiga na pasi. Mashuka machafu, yamepigwa pasi. Nikayanusa. Yananukia sabuni yake ya kuogea na usingizi wake wa siku nne.

"Nimekusaidia," akasema. "Nimekuona unavyohangaika na umri wako."

Ana miaka sabini na kitu. Mimi nina arobaini na sita.

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru. Mtu akifundishwa vizuri hahitaji kusafishiwa. Wewe leo kapumzike."

Nikasimama na ndoo yangu yenye maji. Nilitamani kumwambia kwamba mimi sijamwomba mapumziko, na kwamba mtu anayejua kazi yangu kuliko mimi hanisaidii, ananifuta. Nikambebea begi mpaka getini.

Niliporudi nikasoma kitabu cha wageni. Ameandika kwa herufi za ubaoni, nzuri kuliko zangu: "Orodha ni bora sana. Kila mgeni akiifuata, sioni sababu ya kuajiri mtu wa kusafisha."

Nimeufunga ukurasa ule kwa gundi kidogo. Wifi huwa anapiga picha kila ukurasa ili aweke kwenye simu, sijui kama ameshauona.

Alhamisi, 10 Julai

Ameshauona.

Alikuja na kiti akakaa uani wakati naanua. Wifi akija na kiti chake ujue ni maneno marefu. Alianza na hali ya hewa, akapita kwa magoti yake, akafika kwa Mwalimu. Akasema bibi yule amemfungua macho. Wageni wanasafisha wenyewe, mimi nabaki kurudiarudia kilichokwisha kufanyika. Kwa hiyo kuanzia sasa nitafua tu, siku mbili kwa wiki. Kubadilisha nyumba, mgeni huyu atoke yule aingie, atasimamia mwenyewe.

"Wewe, wifi? Na magoti yako?"

"Kuna nini cha kufanya? Ni kutandika tu."

Nikaendelea kukunja. Nikahisi hajamaliza, maana hakunyanyuka. Akawa anautazama mlango wangu wa bluu.

"Kile chumba," akasema, "kikitiwa bafu lake, kinaweza kukaa wageni wawili."

"Kina mtu wifi."

"Najua kina mtu. Nasema tu."

Jioni nilipita mbele yake, hakuniita tena wifi. Aliniita "dada", vilevile wanavyoniita wageni.

Jumatatu, 14 Julai

Sikufanya chochote. Nimefagia chumba changu mara mbili.

Ijumaa, 18 Julai

Mvua siku tatu. Wageni wamefungiwa ndani hawana pa kwenda, basi wanasafisha. Nyumba ya Tatu wamesugua mpaka miguu ya meza. Filimbi anasema msimu ujao tutakuwa tunawalipa sisi.

Ninaandika jambo la aibu. Leo nimewaombea wageni wachafu waje. Yaani nimekaa kitako kitandani nikawatamani wale watu wa ofisi na mafuta yao, nikawawaza kama ndugu waliosafiri. Wachafu wale waliniheshimu kuliko hawa, kwa kuwa walijua kuna mtu anakuja nyuma yao.

Jumapili, 20 Julai

Mvua imekatika. Jioni nilichota mchanga, konzi moja, nikasimama nao mlangoni pa Nyumba ya Pili ambayo ilikuwa tupu imeng'aa. Kisha nikaurudisha nilikoutoa na kunawa mikono.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Wageni wa Nyumba ya Pili wameondoka saa nne, na orodha wameifuata neno kwa neno. Mimi leo si siku yangu ya kufua, niko chumbani kwangu mlango wazi, ninamwona wifi anavuka ua haraka haraka na dumu la maji. Wageni wapya, mama na mapacha wake wa kike, wako getini kabla ya wakati. Nikamwambia, "Wifi, nije?" Akanipungia mkono nikae.

Saa tisa akaniita. Hakuja, aliita kwa sauti kutoka dirishani, "Dada! Njoo hapa!" Nikajua.

Yule mama alikuwa amewalaza watoto usingizi wa mchana. Mmoja akaamka na kitu kimemganda shavuni: plasta ya kidonda, imekauka damu. Mama akafunua. Nywele ndefu ambazo si zao. Foronya inanukia dawa ya kuchua misuli. Nilipofika chumbani shuka liko chini, mapacha wamesimama pembeni na chupi tu, mama yao anawafuta mwili mzima kwa maji ya moto na kitambaa.

Sikuhitaji kuelezwa. Mashuka masafi yalikuwa kabatini, yanapokaa siku zote. Machafu yalikuwa juu ya kiti, yamekunjwa vizuri kama orodha inavyotaka. Wifi ameingia mbio, amekuta mashuka yaliyokunjwa, akadhani ndiyo niliyomtengea. Akatandika. Kosa lenyewe ndilo hilo, na mtu yeyote asiyefanya kazi hii angelifanya.

Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Wifi," akasema. Wiki mbili sijalisikia neno hilo mdomoni mwake. "Wifi, niokoe."

"Nikuokoe vipi?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Nikimwambia nimetandika mimi, nimekwisha, ataandika mji mzima usome. Wewe sema ulikosea. Mfanyakazi kukosea ni kawaida, watu wanasamehe. Tuombe radhi, yaishe."

"Na mimi nitakuwa nani baada ya hapo?"

"Utakuwa wifi yangu."

"Na chumba?"

Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Chumba nani amekigusa? Chumba ni chako. Nakuapia kaburi la kaka yangu."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya yule mama nikasema, "Ni mimi niliyetandika. Nimekosea, naomba unisamehe."

Alinitazama tangu miguuni mpaka kichwani, akaishia kwenye mikono yangu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Wewe ungemlaza mwanao humo?"

"Hapana," nikasema.

"Mimi nimewalaza wangu."

Wifi alikuwa nyuma yangu, anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeaibishwa na mwingine. Nikatandua, nikatandika upya, nikapiga deki. Wale watoto wakanifuata kwa macho kila nilikogeukia. Miaka miwili nafanya kazi hii, sijawahi kumlaza mtu kwenye jasho la mwenziwe. Leo nimesema nimefanya, na nimeaminiwa mara moja.

Jumapili, 27 Julai

Wifi ameniletea sahani ya chakula, imefunikwa. Nikala.

Jumanne, 29 Julai

Filimbi aliniita getini, akanipa simu yake, akatazama kando.

Yule mama ametoa nyota moja. "Mashuka machafu, watoto wangu wamelala juu ya damu ya mtu. Mfanyakazi alikiri." Na chini yake mwenye nyumba amemjibu: "Tunaomba radhi sana. Mhusika ameondolewa kazini na hataonekana tena katika nyumba zetu."

Nikasoma mara tatu. Nikamuuliza Filimbi, kama mjinga, "Mhusika ni nani?"

"Dada yangu," akasema, "ni wewe."

Nikaenda kwa wifi na viatu vya uani miguuni. Akasema nisivimbe, hayo ni maneno ya kwenye simu tu, kila mtu anaandika hivyo, wageni ndicho wanachotaka kusikia. Kesho yake hakuna anayekumbuka. Nilitaka kumwamini. Nilikuwa tayari kumwamini, hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 31 Julai

Imekumbukwa. Kuna wageni wa mwezi ujao, familia mbili kwa pamoja, wameuliza kama yule mtu ameondoka kweli.

"Nitawajibu nini," wifi akasema, "na wewe unaanika uani kila mtu anakuona?"

"Wajibu ukweli."

"Ukweli upi? Umekiri mwenyewe, mbele ya mgeni, mbele yangu."

"Uliniapia kaburi."

"Usiniletee kaburi hapa." Alikuwa anachambua funguo kwenye meza, kila ufunguo na kibao chake. Hakuinua macho. "Nyumba zikikosa wageni, hata hicho chumba kitakufaa nini? Nami nina watu wananitegemea. Uondoke kwa muda, mambo yatulie."

"Kwa muda gani?"

Akavuta ufunguo mwingine. Akasema fundi bomba atakuja kupima bafu, na mgeni wa kwanza wa kile chumba anaingia Jumatatu ya tarehe kumi na nane, kwa hiyo Jumapili ya tarehe kumi niwe nimetoka, mafundi wapate wiki nzima. "Na uache pasafi," akasema, "pawe peupe kabisa. Nitakuja kukagua mwenyewe."

Yaani mgeni ameshapatikana. Chumba kimeshapigwa picha, sijui lini, labda siku nilipokuwa getini nasoma habari zangu.

Nimekaa kitandani nikajiuliza nilipoteleza. Niliposema uongo? Nilipopendekeza namba tano? Namchukia wifi, naliandika wazi. Zaidi yake namchukia yule mwalimu, ambaye hakunitendea ubaya wowote.

Jumapili, 3 Agosti

Nimempigia dada yangu. Amesema nije, kuna godoro sebuleni. Hakuuliza kwa nini.

Jumatano, 6 Agosti

Mzigo wangu umeenea kwenye masanduku mawili na gunia moja. Filimbi amejitolea kunibebea, na amesema ataipuliza filimbi siku nikipita getini, ili angalau isikike mara moja. Nilicheka, kisha nikashindwa kunyamaza, akanigeuzia mgongo mpaka nikamaliza kulia.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimevuta kitanda nikabaki natazamana na ukuta.

Sijauandika ukuta huu mahali popote kwa kuwa sikudhani ungekuwa habari. Chumba hiki kilikuwa stoo ya saruji wakati nyumba zinajengwa, na Fundi alikuwa analala humu, na kila alichotaka kukumbuka alikiandika kwa penseli yake bapa juu ya lipu. Vipimo vya madirisha. Mifuko ya saruji, kwa vijiti vitano vitano. Siku aliyoezeka Nyumba ya Kwanza. Na pale chini kabisa, kimo cha mtu aliyelala, kuna mstari alioandika alipokuwa hawezi tena kukaa. Ni mzaha aliomwandikia dada yake, wa kumkataza asijenge tena. Wifi alikuwa ameketi hapo pembeni ya kitanda siku ile, anamlisha uji. Alipousoma alicheka, akatoka nje, akalia uani mimi nikimsikia. Baada ya mazishi alikuwa anakuja mara mojamoja, anakaa, anasogeza mto, anausoma, anaondoka bila kusema kitu. Msimu huu hajaja.

Pawe peupe kabisa, amesema.

Stoo kuna kopo la rangi nyeupe lililobaki kwenye madirisha.

Jumapili, 10 Agosti

Naandikia kwa dada yangu, juu ya godoro.

Wifi alikuja saa tatu asubuhi, peke yake. Masanduku yangu yako nje. Sakafu nilikuwa nimeisugua kwa brashi, kitasa nimekipaka mafuta, na dirisha nimelifuta ndani na nje. Alipitisha kidole juu ya mlango, kama anavyofanya kwa wageni. Hakupata vumbi. Kisha akatoa simu mfukoni, akasogea kitandani, akaniambia, "Nisaidie kuvuta. Kesho kutwa fundi rangi anaingia, nataka nimpige picha kaka yangu kabla hajapaka rangi."

Alisema hivyo kabisa, nimpige picha kaka yangu.

Tukavuta, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo tangu Ijumaa usiku. Ijumaa nilisugua kwanza kwa maji ya sabuni, penseli ikaanza kuondoka kijivu kwenye kitambaa, halafu nikapaka rangi mara mbili, na wakati wote huo nilikuwa namwona yeye hivi, amesimama na simu mkononi mbele ya ukuta mtupu. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno.

"Iko wapi?" akasema.

"Ulisema pawe peupe, wifi."

Aliweka kiganja ukutani. Rangi ilikuwa imekauka. Alipapasa huku na huku, akashuka mpaka chini, akapiga magoti, yale magoti yake mabovu, akapapasa pale kimo cha mto. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu ya kila tusi.

"Hata ule wa chini?"

"Hata ule."

"Ulikuwa wako na wewe," akasema.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ijumaa nzima na brashi mkononi sikuwa nimewaza jambo hilo, kwamba nami nafutiwa.

Akauliza, bila kugeuka, mstari wenyewe ulikuwa unasemaje. Nikamwambia: "Dada asijenge tena, fundi wake amechoka." Akatikisa kichwa. Akasema hapana, hakuandika hivyo, aliandika, "Dada usijenge nyingine, utanichosha." Nikasema hapakuwa na "utanichosha". Akasema yeye alikuwepo, uji mkononi. Nikasema nami nimelala mbele ya maneno hayo miaka miwili. Tukabishana hivyo, yeye chini na mimi kitandani, mpaka Filimbi akaja mlangoni kuuliza kama abebe mzigo au bado.

Nimejaribu kuyaandika hapa jinsi yalivyokuwa. Nimeanza na "Dada", kwa kuwa hilo tulikubaliana. Yaliyofuata nimeyafuta mara nne, na sasa hata yale niliyomwambia mwenyewe asubuhi sina hakika nayo.